Shaba ya Wissmann

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba sanamu ya madini isimamishwapo katika uwanja wa mji ni pambo tu, mfano wa kitalu cha maua. Sisi hatuoni hivyo. Habari za Hermann von Wissmann, ambaye watu wa mwambao walimjua kwa mlio wa mizinga, zatosha kuonyesha kwamba shaba nayo hutawala.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1853 mjini Frankfurt an der Oder, akawa askari. Mwaka 1880 aliingia Afrika kwa upande wa magharibi, akalivuka bara zima hata akatokea Saadani mwezi wa Novemba 1882. Safari hiyo ilimpa sifa kubwa kwao.

Mwaka 1888 Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Said, aliwakodisha kampuni ya Kijerumani mwambao wote wa Mrima. (Sisi wa visiwani tusijifanye hatukuwemo katika jambo hili.) Kampuni ilipopandisha bendera yake Pangani kwa kiburi, watu wakainuka. Serikali ya Berlin ikatoa marki milioni 2, ikamtuma Wissmann. Na jeshi lake lilikuwa la nani? Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini wapiganaji walio wengi walikuwa Wasudani waliokodiwa Misri na watu waliochukuliwa Msumbiji. Mwezi wa Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Mwezi uliofuata mizinga ikaangukia Saadani, mahali pale pale alipomalizia safari yake. Tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka wa pili yake Wissmann akatunukiwa ukabaila na mfalme wake. Alirudi kuwa gavana mwaka 1895, asidumu, na mwaka 1905 akafa mawindoni nchini Austria kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya mfua sanamu, Adolf Kürle. Mwaka 1909 sanamu ya shaba nyeusi ilizinduliwa mjini Dar es Salaam: Wissmann juu, mkono upangani, chini yake askari Mwafrika akimtazama bwana wake huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Simba huyo, bila shaka, ndiye sisi. Mkubwa ana jina, askari hana.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo, ikapelekwa London kama ngawira, kisha Wajerumani wakarudishiwa, nao mwaka 1922 wakaisimamisha mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko Dar es Salaam, mwaka 1927, Waingereza waliweka askari wa shaba peke yake, asiye na bwana juu ya kichwa chake, ambaye angali amesimama. Ni afadhali, twakiri, ingawa huyo naye alibuniwa na fundi wa Kiingereza, na bado hana jina.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wanaopanga viwanja vyetu, kabla ya kuidhinisha sanamu yoyote, waulize kwanza ni nani atakayewekwa chini na amtazame nani. Shaba haiozi upesi hata kwa chumvi ya bahari. Kosa lililomiminwa ndani yake litawapita wajukuu.

Tena hatuungi mkono kuyeyusha. Mwaka 1967 wanafunzi wa Hamburg waliiangusha sanamu ya Wissmann, wakuu wakaisimamisha tena. Mwaka 1968 ikaangushwa mara ya mwisho, ikatiwa ghalani. Mwaka 2004 ilitolewa ikawekwa bandarini Hamburg kwa muda wa miezi 14, ili wapitao waijadili, na baadaye jumba la makumbusho mjini Berlin likaionyesha ikiwa imelazwa chini ubavu.