Shyaam, mfalme wa Wakuba anayetambulika kwa ubao wa bao

Shyaam aMbul aNgoong alitawala katika karne ya 17 ufalme wa Wakuba, ulio kati ya mito Kasai na Sankuru katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo.

Mapokeo yanasimulia kwamba alisafiri magharibi kujifunza desturi za majirani, akarejea na kilimo cha mahindi na tumbaku pamoja na ufumaji wa nyuzi za mwale. Inasimuliwa pia kwamba alipiga marufuku kisu cha kurusha vitani, na kuwahimiza watu wake wacheze bao badala ya kamari.

Wafalme wa Kikuba hukumbukwa kwa sanamu za mti ziitwazo ndop. Nyuso zake hufanana. Kinachomtambulisha kila mfalme ni kitu kilichochongwa mbele yake. Mmoja ana ngoma. Shyaam ana ubao wa bao.

Sanamu hiyo ilichukuliwa na msafiri Emil Torday, na tangu mwaka 1909 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ubao umehifadhi jina la mfalme kwa vizazi, ingawa mbali na Nsheng, mji mkuu wa Wakuba.