De Duve: Mtaalamu aliyefichua jinsi seli inavyojila

KWA miaka mingi, mgonjwa wa malaria mjini Voi, Mwatate au Taveta alipewa vidonge vichungu vya klorokwini. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria, baada ya vimelea kuwa sugu. Hata hivyo, dawa hiyo haijatoweka maabarani. Watafiti wanaitumia hadi leo kupima namna seli ya mwili inavyokula sehemu zake yenyewe.

Aliyeufungua ukurasa huo wa sayansi ni Christian de Duve, raia wa Ubelgiji.

De Duve alizaliwa Oktoba 2, 1917, Thames Ditton, karibu na London, ambako wazazi wake walikuwa wamekimbilia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni vita hivyo hivyo vilivyofika Taita Taveta, pale majeshi ya Wajerumani yalipouteka mji wa Taveta mnamo Agosti 1914. Mwaka 1920 familia yake ilirejea Antwerp.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Leuven na kuhitimu mwaka 1941. Baada ya mafunzo zaidi Sweden na Marekani, alirudi Leuven mwaka 1947 kufundisha na kuchunguza jinsi insulini inavyofanya kazi katika ini.

Mwishoni mwa 1949 alikumbana na jambo lisilotarajiwa. Kimeng'enya kimoja alichokipima katika ini la panya kilionekana kufanya kazi kidogo mno. Sampuli ile ile ilipokaa siku tano katika jokofu, nguvu ya kimeng'enya ilipanda ghafla. De Duve hakuitupa sampuli hiyo kama kosa la upimaji. Alihitimisha kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko, na kwamba kifuko kilipochakaa, kilichokuwemo kilivuja.

Mwaka 1955 aliviita vifuko hivyo lisosomu. Ndiyo matumbo ya seli, yenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha uchafu. Baadaye alitambua pia vifuko vingine, viitwavyo peroksisomu.

Katika mkutano wa wanasayansi jijini London mwaka 1963, alilipa jina tendo la seli kujila: otofajia, kutokana na maneno ya Kigiriki. Seli huzungushia utando sehemu zilizochakaa, ikafanya mfuko, kisha mfuko huo huungana na lisosomu. Kilichoyeyushwa hutumika tena kama chakula au malighafi.

Kazi hiyo haifanyiki ovyo. Miaka michache baadaye, de Duve na wenzake walionyesha kwamba glukagoni, homoni inayotolewa sukari inapopungua katika damu, huamsha otofajia katika ini la panya. Leo inajulikana kwamba chakula kinapokuwa tele, protini iitwayo TOR huizuia. Njaa ikiingia, kizuizi hicho hulegea. Mjapani Yoshinori Ohsumi alitumia hamira kutambua jeni zinazoiendesha, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Ugumu umo katika kupima. Watafiti huhesabu mifuko hiyo kwa kufuata protini iitwayo LC3, inayojishikiza kwenye utando wake. Lakini mifuko ikiwa mingi, maana yake ni nini?

Chukua mfano wa malori yatokayo Mombasa na kupitia Voi kwenda Taveta na mpakani Holili. Anayekuta malori mengi yameegeshwa Voi hawezi kudai kwamba biashara imeshamiri. Huenda yanayoingia ni mengi kweli; huenda pia barabara ya mbele imefungwa. Ndivyo ilivyo kwa seli: LC3 ikirundikana, ama otofajia imeongezeka, ama lisosomu zimeshindwa kumaliza kazi.

Hapo ndipo klorokwini inapohitajika. Hujikusanya ndani ya lisosomu, tabia ambayo de Duve aliieleza mwaka 1974, na huzuia mfuko usiyeyushwe. Mtafiti hulinganisha seli zilizopewa dawa na zisizopewa. Tofauti ya LC3 kati ya makundi hayo mawili ndiyo humwonyesha mwendo halisi wa otofajia.

Tahadhari hiyo inamhusu pia msomaji wa kawaida. Siku hizi wapo wanaotangaza kwamba kufunga kula kwa saa kadhaa husafisha seli na kuponya maradhi. Kwamba njaa huamsha otofajia katika panya na hamira ni kweli. Lakini hakuna kipimo rahisi cha kliniki cha kumwambia mtu kwamba seli zake zimejisafisha, na mgonjwa wa kisukari anayefunga bila ushauri wa daktari anaweza kujidhuru.

Mwaka 1974 de Duve alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Albert Claude na George Palade. Mwaka huo huo alianzisha jijini Brussels taasisi ya utafiti ambayo sasa ina jina lake.

Alifariki Mei 4, 2013, akiwa na miaka 95, kwa uamuzi wake mwenyewe na kwa msaada wa daktari, jambo linaloruhusiwa na sheria ya Ubelgiji. Ameacha elimu iliyoanza na sampuli ambayo mwingine angeimwaga.