Frank Hornby: karani wa Liverpool aliyeweka gari la moshi juu ya meza

Alikuwa karani wa mahesabu kwa mfanyabiashara aliyeagiza nyama kutoka ng'ambo. Hakuwa na diploma ya uinjinia wala kiwanda, na biashara ya baba yake ilikuwa imefungwa. Lakini alipofariki mwaka 1936, Frank Hornby alikuwa tajiri mkubwa, mbunge wa zamani, na mtu ambaye jina lake lilijulikana na watoto wa nchi nyingi. Yote hayo yalianza na vipande vya bati alivyokata nyumbani kwake ili watoto wake wapate cha kuchezea.

Kwa wakaaji wa Butembo na Beni, magari ya moshi ni habari ya mbali. Reli haijawahi kufika katika miji hii miwili. Kwa upande wa kaskazini, reli nyembamba ya Vicicongo iliishia Mungbere mwaka 1937. Kwa upande wa mashariki, nyuma ya Milima ya Ruwenzori, reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe. Huko kote filimbi ya gari la moshi ilinyamaza zamani.

Hata hivyo, kazi aliyoifanya Hornby inajulikana sana mitaani kwetu. Watoto hukunja waya na kutengeneza lori, hukata makopo ya sardini kuwa kabini, na kandambili zilizochakaa huwa magurudumu. Wengine hujenga chukudu ndogo za mbao, mfano wa zile kubwa zinazoshusha mizigo kutoka vijijini. Tofauti kati yao na karani yule wa Liverpool ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na maisha yake yanaonyesha tofauti hiyo iko wapi.

Alizaliwa karibu na stesheni

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 katika barabara ya Copperas Hill, mjini Liverpool, hatua chache kutoka stesheni kubwa ya Lime Street. Mji huo ulikuwa na historia yake katika mambo ya reli. Mwaka 1830 ndipo ilipofunguliwa njia ya Liverpool hadi Manchester, ya kwanza duniani kuunganisha miji miwili mikubwa kwa injini za mvuke.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Kijana Frank aliacha shule akiwa na miaka 16, akaingia katika biashara hiyo kushika mahesabu. Mwaka 1887 alimuoa Clara Walker Godefroy, mwalimu wa shule na binti wa afisa wa forodha. Walipata watoto, wakiwemo wavulana wawili, Roland na Douglas.

Mwaka 1899 baba yake alifariki na biashara ikafungwa. Hornby, akiwa na miaka 36 na familia ya kulisha, alikwenda kuandika vitabu vya mahesabu kwa tajiri mwingine, David Hugh Elliott.

Katika miaka hiyo hiyo, karani mwingine wa Liverpool alikuwa akichungulia mahesabu ya aina nyingine. Edmund Dene Morel, mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, aligundua kwamba meli za Kongo zilifika Anvers zikiwa zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilirudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi zaidi kuliko bidhaa za biashara. Kutokana na hesabu hizo alielewa kwamba watu wa Kongo walikuwa wakifanyishwa kazi bila malipo chini ya Mfalme Léopold wa Pili, akaanzisha harakati ya kupinga utawala huo. Makarani hao wawili walifuata njia tofauti kabisa, lakini kila mmoja alipata umaarufu kwa kutazama kwa makini kitu kidogo ambacho wengine walikipita.

Matundu yaliyolingana

Hornby aliwatengenezea wanawe madaraja, malori na winchi kwa kukata bati. Mwanzoni kila kifaa kilikuwa na vipande vyake. Winchi ikichosha, vipande vyake havikufaa kwa kitu kingine, na baba alilazimika kuanza upya.

Ndipo alipopata wazo lililobadilisha maisha yake. Alikata vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja chenye upana wa nusu inchi, na kuvitoboa matundu yanayoachana kwa nusu inchi, yaani karibu milimita 12.7. Kwa kuwa matundu yote yalikuwa sawa na umbali wake ulikuwa ule ule, kipande chochote kiliweza kufungwa kwa kingine kwa buloni na ekru. Daraja la leo lilifunguliwa, na kesho likawa winchi au gari.

Fundi yeyote wa pikipiki mjini Butembo anaelewa thamani ya jambo hili. Ufunguo namba 10 hufungua buloni inayokubali ufunguo wa 10, iwe ya pikipiki ya Beni au ya Kampala. Kama kila kiwanda kingekuwa na kipimo chake peke yake, fundi angehitaji sanduku la vifaa kwa kila mteja. Viwanda vikubwa vilikuwa tayari vinajua faida ya vipimo vilivyolingana. Hornby aliileta mikononi mwa mtoto.

Deni la pauni 5

Wazo peke yake halikutosha. Mwezi Januari 1901 Hornby aliandikisha hati ya kulinda uvumbuzi wake, na kwa gharama hiyo alihitaji pesa ambazo hakuwa nazo. Alikopa pauni 5 kwa bosi wake, Elliott. Anayejua jinsi likelemba inavyomuinua mama wa sokoni hapa kwetu atafahamu uzito wa deni dogo linalokuja kwa wakati wake.

Elliott hakuishia kukopesha. Alimpa Hornby nafasi katika jengo la jirani, na wawili hao wakawa washirika. Mwaka 1902 walianza kuuza sanduku lenye jina Mechanics Made Easy, yaani ufundi wa mashine uliorahisishwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya aina 16 na karatasi ya kuonyesha jinsi ya kujenga vitu 12. Bei yake ilikuwa shilingi 7 na peni 6.

Biashara ilikwenda polepole. Mwaka 1903 waliuza masanduku 1,500 bila kupata faida. Profesa Henry Selby Hele-Shaw, aliyefundisha uinjinia katika Chuo Kikuu cha Liverpool, aliusifu uvumbuzi huo, na sifa hiyo iliwasaidia madukani. Faida ya kwanza ilionekana mwaka 1906, na ilikuwa ndogo.

Mwaka 1907 Hornby aliandikisha jina jipya, Meccano, lililofanana na neno mecano ambalo hapa kwetu tunamwitia fundi wa magari. Mwaka huo huo, kwa sababu waliomtengenezea vipande walishindwa kutosheleza maombi, alifungua karakana yake mwenyewe katika barabara ya Duke Street. Mwaka 1908 kampuni ya Meccano ilianzishwa rasmi. Elliott alichagua kutoingia, na Hornby akabaki na mzigo wote na faida yote. Mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilikuwa tayari katika barabara ya Binns Road, na bidhaa zake zilikuwa zimeshavuka bahari hadi Ufaransa na kwingineko.

Reli ya milimita 32

Hadi wakati huo, soko la magari ya moshi ya kuchezea lilikuwa mikononi mwa Wajerumani, hasa viwanda vya Märklin na Bing. Vita Vikuu vya kwanza, 1914 hadi 1918, vilikata biashara kati ya Ujerumani na Uingereza, na maduka ya Kiingereza yakabaki bila vifaa hivyo. Hornby aliona nafasi.

Mwaka 1920 alitoa gari lake la kwanza la moshi. Lilikwenda kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo, kama saa ya zamani, juu ya reli zilizoachana kwa milimita 32. Kwa kufuata desturi ya Meccano, sehemu zake zilifungwa kwa buloni, hivyo mtoto aliweza kulifungua lote, kuona kilichomo, na kulijenga tena.

Mwaka 1925 lilifuata gari la umeme. Lile la kwanza lilichukua umeme wa nyumba kupitia taa iliyopunguza nguvu yake, jambo lililoleta hofu ya ajali, na baadaye likaachwa kwa ajili ya umeme wa volti chache. Leo magari mengi ya aina hii hutumia volti 12, sawa na betri ya gari au ya sahani ya jua ambazo familia nyingi za Beni na Butembo zinazo nyumbani.

Polepole Hornby aliongeza mabehewa, stesheni, madaraja, taa za ishara na njia za kubadilishia reli. Hapo mchezo ukawa kazi ya mikono inayochukua miaka. Mpenzi wa reli ndogo hujenga meza, huchora njia, huweka milima ya karatasi na gundi, hupanda miti ya majani makavu, kisha huandika ratiba: treni ya mizigo inasubiri hapa hadi ile ya abiria ipite. Watu wazima waliingia katika mchezo huu pamoja na watoto wao. Gazeti la Meccano, lililoanza mwaka 1916, liliwafundisha wasomaji habari za reli, meli na madaraja ya dunia, na mwaka 1928 chama cha watoto wenye reli za Hornby kilianzishwa.

Moyo wa kazi hii ni hesabu ya kupunguza. Mjenzi huchagua kipimo kimoja na kukifuata kwa kila kitu. Kwa reli ya milimita 32, Waingereza hugawanya urefu wa kitu halisi kwa 43 hivi. Lori la mita 10 linalotoka Kasindi likijengwa kwa kipimo hicho litakuwa na sentimita 23, na mtu wa mita 1.72 atakuwa na sentimita 4. Ukikosea kwenye mlango peke yake, jicho litaona mara moja kwamba dereva hawezi kuingia.

Hornby alikuwa pia mtu wa wakati wake. Matangazo yake yaliwalenga wavulana, kana kwamba wasichana hawana haja na mashine. Lakini ndani ya kiwanda cha Binns Road, mikono mingi iliyounganisha na kufunga vifaa hivyo ilikuwa ya wanawake.

Bungeni, kisha buriani

Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa mbunge wa Everton kwa chama cha Conservative. Afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika, na uchaguzi wa mwaka 1935 ulipofika hakugombea tena. Katika miaka hiyo ya mwisho kampuni yake ilitoa pia magari madogo ya Dinky Toys, yaliyotengenezwa kwanza ili kupamba reli za watoto.

Frank Hornby alifariki tarehe 21 Septemba 1936 karibu na Liverpool, akiwa na miaka 73. Aliugua moyo na kisukari. Alizikwa Maghull, alikokuwa na nyumba yake, na mwanawe Roland akaongoza kampuni. Miaka miwili baadaye ilitoka reli ndogo zaidi, Hornby Dublo, ya milimita 16.5, iliyoweza kuenea katika chumba cha kawaida.

Kampuni haikudumu kama jina lake. Ushindani na mabadiliko ya michezo ya watoto viliidhoofisha, na mwaka 1964 ilinunuliwa na kampuni nyingine. Kiwanda cha Binns Road kilifunga milango tarehe 30 Novemba 1979, na wafanyakazi wake wakabaki bila kazi. Lakini jina Hornby bado linaandikwa kwenye magari madogo ya moshi, na vipande vya Meccano vya zamani bado vinafungana na vya baadaye, kwa sababu umbali wa matundu haukubadilishwa.

Somo kwa mafundi wadogo

Lori la waya la mtoto wa Bulengera, mjini Butembo, linaweza kuwa zuri kuliko sanduku la kwanza la Hornby. Usukani unageuka, springi zinacheza, hata taa zipo. Lakini limepimwa kwa jicho. Gurudumu likivunjika, la rafiki yake halikubali, na ujuzi wa aliyelijenga unaishia kwake siku anapoacha mchezo.

Hornby hakuwashinda wengine kwa akili ya ajabu. Alichagua kipimo, akakiandika, akakilinda kisheria, akapata mtu wa kumkopesha, akavumilia miaka minne bila faida. Rula ya shule inatosha kwa hatua mbili za kwanza, na mwalimu wa ufundi anaweza kuzianzisha darasani bila kusubiri mradi wowote.

Katika nchi nyingi, wapenzi wa reli ndogo hukutana kila mmoja akiwa na kipande chake cha meza. Kwa kuwa wamekubaliana mapema kuhusu urefu wa meza na upana wa reli, huvisukuma pamoja, na treni hupita kutoka kazi ya mtu mmoja hadi ya mwingine bila kusimama. Mtoto wa Bulengera na yule wa Mulekera, mjini Beni, wakikubaliana hivyo, reli ya kwanza ya kuunganisha Butembo na Beni inaweza kuwa na upana wa milimita 32.