Konrad Adenauer na barabara iliyonyang'anywa jina

Tarehe 6 Agosti 1932, barabara ya magari yaendayo kasi ilifunguliwa nchini Ujerumani kati ya miji ya Cologne na Bonn. Aliyeifungua alikuwa meya wa Cologne, Konrad Adenauer. Hata hivyo, hadi leo wapo watu wengi duniani wanaoamini kwamba barabara za namna hiyo zilianzishwa Ujerumani na Adolf Hitler. Ilikuwaje sifa ikahama? Tumfuate Adenauer tangu mwanzo.

Alizaliwa Cologne tarehe 5 Januari 1876. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, na maisha nyumbani yalikuwa ya kubana matumizi. Alisomea sheria, akaingia katika uongozi wa jiji mwaka 1906. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta uhaba wa chakula, yeye na waokaji wa Cologne walitengeneza mkate uliochanganywa na unga wa mahindi ili watu wapate kitu cha kula. Mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 41, akawa meya.

Katika miaka 16 ya umeya wake, chuo kikuu cha Cologne kilifunguliwa upya, ukanda wa miti ukapandwa kulizunguka jiji, na kampuni ya Ford ikavutwa kuja kujenga kiwanda cha magari. Jiwe la msingi la kiwanda hicho liliwekwa mwaka 1930.

Wakati huo barabara ya zamani kati ya Cologne na Bonn ilikuwa imeelemewa. Magari, baiskeli, mikokoteni ya farasi na watembea kwa miguu wote waligombea njia moja. Suluhisho likawa kujenga barabara mpya, ya magari peke yake.

Barabara hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 20 hivi na njia nne: mbili za kwenda na mbili za kurudi. Katikati hapakuwa na ukingo wa kutenganisha. Haikukatizwa na barabara nyingine wala reli. Vyote vilipita juu au chini yake. Magari yaliruhusiwa kukimbia hadi kilomita 120 kwa saa, ingawa mengi ya siku zile hayakuweza kufikia hata mwendo huo.

Ujenzi ulianza mwaka 1929, mwaka ambao uchumi wa dunia uliporomoka na ajira zikapotea. Kwa sababu hiyo mitambo haikutumika sana. Wafanyakazi zaidi ya 5,000 walishika sururu, koleo na matoroli, ili watu wengi iwezekanavyo wapate riziki. Gharama yake ilikuwa Reichsmark milioni 8.6.

Tuseme ukweli hapa pia: Adenauer hakuijenga peke yake. Mradi ulikuwa wa serikali ya jimbo la Rhine, naye alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Wala haikuwa ya kwanza duniani, kwa kuwa Italia ilikwishafungua barabara ya magari peke yake kutoka Milan mwaka 1924.

Miezi sita tu baada ya ufunguzi, Hitler aliingia madarakani. Februari 1933 alipofika Cologne kwa kampeni, Adenauer hakwenda kumpokea uwanja wa ndege, na bendera za Wanazi zilizotundikwa kwenye daraja la mto Rhine akaagiza zishushwe. Mwezi uliofuata alifukuzwa umeya. Akapata hifadhi katika nyumba ya watawa ya Maria Laach, na baadaye alikamatwa mara mbili, mwaka 1934 na mwaka 1944.

Barabara nayo haikusalimika. Wanazi waliishusha hadhi ikawa barabara ya kawaida ya mkoa. Jina la Autobahn, maana yake njia ya magari, walitaka liende kwa barabara walizojenga wao. Hivyo mwaka 1935, kipande cha kutoka Frankfurt hadi Darmstadt kilipofunguliwa, kikatangazwa kama mwanzo wa kila kitu. Lami ya Cologne na Bonn ilikuwa pale pale na magari yaliendelea kupita. Kilichoondolewa ni jina, na jina lilipoondoka, kumbukumbu ya waliotangulia ikafifia nalo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani walimrudisha Adenauer kwenye umeya. Waingereza walipochukua usimamizi wa jiji, wakamwondoa mwaka huo huo. Wengi wangestaafu hapo. Yeye aliingia katika siasa za taifa, na Septemba 1949, akiwa na miaka 73, wabunge walimchagua kuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, kwa wingi wa kura moja tu.

Mji mkuu wa nchi hiyo mpya ukawa Bonn. Ile barabara ya kilomita 20 ikawa njia ya mawaziri na mabalozi, hata watu wakaitania kuwa ni uwanja wa mbio wa wanadiplomasia. Mwaka 1958, Adenauer akiwa bado Kansela, ilipewa rasmi hadhi ya Autobahn. Siku hizi inaitwa A 555.

Adenauer aliondoka madarakani mwaka 1963 akiwa na miaka 87, akafariki tarehe 19 Aprili 1967 akiwa na miaka 91.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Popote barabara inapozinduliwa, anayekata utepe ndiye anayekumbukwa. Ni vizuri kuuliza pia nani aliianza, na akina nani walioshika koleo.