William Herschel, aliyegundua nuru inayosoma mawe ya angani

Mtafuta dhahabu wa Muyinga hulichukua jiwe mkononi, akaligeuza, akalivunja, ndipo akajua limebeba nini. Mawe makubwa yanayolizunguka Jua hayafikiwi na mkono wala nyundo. Hata hivyo, leo madini yake hutambuliwa kutoka mbali, na mlango wa elimu hiyo ulifunguliwa na mwanamuziki aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita.

William Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738, mwana wa mpiga muziki wa jeshi. Mwaka 1757, vita vilipoufikia mji huo, alikimbilia Uingereza, na baadaye akapata riziki kwa kupiga kinanda cha kanisa mjini Bath. Elimu ya nyota alijifunza mwenyewe baada ya kazi, akisaidiwa na dada yake Caroline. Vioo vya darubini zake alivisugua kwa mikono yake. Tarehe 13 Machi 1781 aligundua sayari ya Uranus.

Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 61, alipitisha mwanga wa Jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Aliweka kipimajoto ndani ya rangi moja baada ya nyingine, na vingine pembeni kwa kulinganisha. Alipokisogeza nje ya wekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, joto lilizidi kupanda. Nuru hiyo iliyofichika ndiyo iitwayo leo infraredi. Mwaka 1802 alipendekeza jina la asteroidi kwa Ceres na Pallas, zilizokuwa zimegunduliwa karibuni.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1822, bila kujua kwamba mambo hayo mawili yangekutana. Kila madini hufyonza sehemu fulani ya nuru na kurudisha iliyobaki; pengo linaloachwa huwa kama alama ya kidole. Mwaka 2018 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilifika kwenye asteroidi Ryugu. Kifaa chake cha infraredi kiliona pengo karibu na maikromita 2.72, dalili ya madini yaliyoundwa kwa maji. Vumbi lililoletwa duniani mwaka 2020 lilithibitisha jambo hilo, tena likafanana na kimondo kilichoanguka Ivuna, Tanzania, mwaka 1938.

Anayesimama kwenye jua la Gitega akiwa amefumba macho huihisi nuru hiyo usoni. Wengi waliihisi kabla ya Herschel, yeye aliipima.