Apolo Kivebulaya, Mtu Aliyerudi Kule Alikopigwa

 

Waandaaji waliniomba niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, ili katika sikukuu hii ya ushirika wetu tusijisifu kana kwamba sisi ndio wa kwanza kuvuka mpaka na Biblia mkononi. Nimemchagua Apolo Kivebulaya. Wapendwa wa Uganda na wa Ituri, najua mnamfahamu, mnivumilie. Ninyi wengine kaeni vizuri.

Na niseme mapema kabisa, asije mtu akaruka ukurasa akidhani nimepotea njia: Apolo hakuwa mpentekoste. Alikuwa kasisi wa Kianglikana. Lakini soma hadi mwisho halafu uniambie ni nani kati yetu anayeweza kumwambia asogee, kiti hiki si chake.

Alizaliwa Buganda miaka ya 1860. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kwanza wa kiume, kama sisi tunavyosema Kurwa. Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Alivuta bangi. Alibeba bunduki katika zile vita za Buganda za mwisho wa miaka ya 1880, wakati Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipogombania ikulu ya Kabaka. Kwanza alikuwa upande mmoja, baadaye akahamia mwingine. Nchi ya Toro, ambayo baadaye angeitumikia kama mchungaji, aliifikia mara ya kwanza akiwa askari. Wewe mwenye kijana nyumbani anayekutoa machozi usiku, shika hapo kidogo.

Sasa, mwisho wa mwaka 1893 kulitokea jambo Buganda ambalo sisi wapentekoste tungepaswa kulijua vizuri. Mmisionari mmoja Mwingereza aliyeitwa George Pilkington, msomi wa lugha, alijiona amekauka. Alifundisha, alitafsiri Maandiko, lakini ndani yake palikuwa pakavu. Akaenda kisiwa cha Kome, ndani ya Ziwa Victoria, kumtafuta Mungu. Huko akasadiki kwamba Roho Mtakatifu si wa mitume peke yao. Aliporudi Mengo alitubu mbele ya watu, na toba ikashika mkutano mzima. Ndiyo, ndugu yangu, miaka kumi na mitatu kabla ya habari za Azusa tunazozipenda kuzisimulia. Kutoka katika uamsho ule walitoka walimu wengi Waganda, wanaume wa kawaida tu, wakaenda pande zote kufundisha kusoma na kuhubiri.

Katika wimbi hilo ndimo Waswa alimobatizwa, Januari 1895. Alichagua jina la Apolo, yule mhubiri wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari katika Maandiko. Na Kivebulaya? Hilo alipewa na watu. Alikuwa akivaa koti la Kizungu pamoja na kanzu yake, watu wakamtania kwamba huyu ni kitu kilichotoka Bulaya, na Bulaya ya Waganda ndiyo Ulaya yetu. Utani ukageuka jina, akaenda nalo mpaka kaburini. Inachekesha kidogo, maana mtu huyu hakuwa na haja ya Ulaya. Macho yake yalitazama magharibi, kwenye milima ya Rwenzori, na ng'ambo ya milima ile.

Ng'ambo hiyo kulikuwa na mahali panapoitwa Mboga, leo wengi huandika Boga, mkoa wa Ituri, Kongo. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili walikuwa wametangulia kwenda huko kabla ya Apolo. Wenyeji wakawanyima chakula, walimu wakarudi.

Hapa niruhusu nitoe ushuhuda ambao sijawahi kuutoa madhabahuni. Miaka kadhaa iliyopita tulivuka mpaka watumishi sita kwenda mkutano wa injili wa wiki mbili. Mji sitautaja. Siku ya tatu chakula kikaanza kuja saa kumi jioni. Siku ya tano hakikuja. Siku ya sita tukapanda basi. Nyumbani tulipoulizwa, mimi ndiye niliyesimama na kusema Bwana amefunga mlango. Watu wakaitikia amina. Ukweli ni kwamba tulikuwa na njaa, tena tulikuwa na hasira. Hakuna mlango uliofungwa. Kwa hiyo wale walimu wawili siwahukumu hata kidogo, nawafahamu kama ndugu zangu wa damu.

Apolo alikwenda Mboga mwishoni mwa mwaka 1896, mwaka ule ule ambao Biblia nzima ilitoka kwa Kiganda. Usifikiri ni safari ya bodaboda. Kutoka Toro ilibidi apite kwenye mabega ya Rwenzori, baridi na mvua, halafu ashuke bonde la mto Semliki lenye joto na wanyama wakali, avuke mto kwa mtumbwi, ndipo apande tena hadi Mboga. Alipofika na yeye akakuta njaa ile ile. Alichofanya ni kushika jembe. Akalima chakula chake mwenyewe huku akifundisha watu kusoma. Siku zile kusoma na kuokoka vilikwenda pamoja, hata Wakristo waliitwa wasomaji.

Watu wakaanza kuamini. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza kweli kweli. Maana mahubiri yake yaligusa pombe, yaligusa wake wengi, yaligusa uganga, na hayo yote matatu yalikuwa yamekaa nyumbani kwa chifu. Apolo akapigwa. Hakupigwa kofi la onyo, alipigwa kipigo cha kumfukuza mtu. Halafu likaja jambo baya zaidi. Wakati kazi ya ujenzi ikiendelea, dada yake chifu aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali. Lakini chifu alikuwa akitafuta neno la kumshika, sasa amelipata, tena la damu. Apolo akashtakiwa kwamba ameua. Akafungwa, akapelekwa chini ya ulinzi kurudi Toro, Fort Portal, akatiwa gerezani.

Tulia hapa kidogo, msomaji. Sisi tunapoombeana tunapenda kusema dhiki zitapita. Hebu fikiria mtu huyu anarudishwa kwa njia ile ile aliyojia, milima ile ile, lakini sasa kama muuaji. Wale waliomtuma wako Toro, na wataona. Waumini wake wachache wamebaki Mboga bila mwalimu, mikononi mwa mtu aliyewachukia. Hana mke wa kumlilia, maana msichana aliyekuwa amemposa alifariki, na Apolo hakuoa tena maisha yake yote. Ukiangalia kwa macho ya kawaida, kazi imekufa, na jina limechafuka.

Ni katika kipindi hicho cha mateso ndipo alipoona maono. Alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yupo pamoja naye. Aliyasimulia mwenyewe, wala hakuyafanya kuwa mtaji. Hakujenga huduma juu ya maono yale, hakuuza kitu. Yalimpa nguvu ya kufanya jambo moja tu, ambalo ndilo lililonifanya nimchague yeye kati ya watumishi wote ninaowajua.

Mashtaka yalipoanguka na milango ya gereza ikafunguliwa, alirudi Mboga. Kwa nini, jamani? Toro kulikuwa na kazi ya kutosha. Kanisa lilikuwa linakua, mfalme Kasagama mwenyewe alikuwa amebatizwa, walimu walihitajika kila kilima. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alivuka tena Semliki, akaingia tena katika kijiji kile, mbele ya mtu yule yule.

Na Tabaro akavunjika. Sikuambii ilikuwa siku moja, mambo ya namna hiyo hayaendi kwa saa. Ila chifu aliyempiga Apolo na kumpeleka kifungoni ndiye aliyekuja kutubu na kubatizwa, na jina alilolichukua ni Paulo. Mtu aliyewatesa wasomaji akachukua jina la mtesi mwenzake wa Damasko! Hapo mimi hunyamaza.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Aliwekwa shemasi mwaka 1900, akawa kasisi mwaka 1903, na kwa muda mrefu alihudumu Toro, akitembea kilima kwa kilima. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora mistari. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka wao, na Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Watu wale wale, lugha ile ile, mashamba yale yale, sasa serikali mbili. Wapendwa wa mipakani mnajua hali hiyo. Mjomba yuko Kongo, mbuzi wake wako Uganda.

Apolo angeweza kubaki upande wa Waingereza ambako kanisa lake lilikuwa na nguvu. Wakati vita kuu ya kwanza inaendelea, yeye akarudi Mboga kuishi. Hakuwa kijana tena. Nyumba yake huko ilijaa watoto na vijana aliowalea, wengine hawana kwao. Mtu asiyekuwa na mtoto hata mmoja wa kumzaa, nyumbani kwake ulisikia sauti za watoto kuanzia asubuhi.

Karibu na mwaka 1921 akaanza kuingia katika msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, wale ambao wengi huwaita mbilikimo. Hapa nataka niwe mkali kidogo. Majirani zao wa mashambani waliwadharau, waliwaona kama watu nusu. Na sisi, tuseme kweli, hata leo tunacheka tukisikia habari zao. Apolo hakwenda kuwachungulia. Alikwenda kwao ndani ya msitu, akajifunza kusema nao, akawahubiri kama alivyomhubiri chifu, na baadhi yao wakabatizwa. Mwaka 1922 kanisa lilimpa heshima ya ukanoni wa Namirembe, kanisa kuu lile juu ya kilima Kampala. Wengine wakipewa cheo hicho hutafuta nyumba karibu na kilima. Yeye alirudi msituni.

Watumishi wenzangu, hapa ndipo naomba tuangaliane usoni. Ushirika wetu umekua. Tuna vyombo, tuna jenereta, tuna mabango yenye picha zetu kubwa. Tunavuka mpaka, ndiyo, lakini wengi tunavuka kwenda mijini ambako kuna hoteli na sadaka. Kile kijiji nilichokikimbia mimi, mpaka leo hakuna aliyerudi. Nilipopita mji wa jirani mwaka uliofuata, mama mmoja mwamini aliniuliza wale watumishi walikosewa nini. Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kuomba radhi. Yeye ndiye aliyekuwa anataka kuomba radhi kwangu.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 Apolo alikuwa mgonjwa. Alilazwa Mengo, hospitali ya wamisionari, mahali ambapo mtu wa wakati ule angeweza kupata matibabu mazuri kuliko kwingi. Moyo wake ulikuwa umechoka. Alipoona hatapona, aliomba apelekwe nyumbani, na nyumbani kwa mtu huyu wa Buganda kulikuwa Kongo. Wakamsafirisha. Kwa mara ya mwisho akavuka mpaka, mgonjwa, kuelekea Mboga, ambako miaka zaidi ya thelathini nyuma alitolewa amefungwa.

Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza namna ya kumzika. Desturi ilikuwa kulaza kichwa cha marehemu upande wa mashariki, kuelekea kwao alikotoka. Apolo alikataa. Aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu, kwa sababu huko kazi ilikuwa bado haijaisha.

Wakamzika hivyo. Kutoka kundi lile dogo la Mboga likakua kanisa la Kianglikana la Kongo, na mwaka 1972 Boga ikapata dayosisi na askofu wake. Waumini wa huko wamepitia vita ambavyo sina haja ya kuwasimulia wasomaji wa Ituri, wao ndio wangenisimulia mimi. Nilipomaliza kuandika habari hizi nilimpigia simu mchungaji mwenyeji wa kile kijiji tulichokikimbia. Sikujua nianzie wapi. Aliniambia mahindi mwaka huu yamestawi, tukija tutakula.