Maisha ya John Akii-Bua, Mrukaji wa Viunzi

Kila msimu wa mashindano ya riadha ya vijana unapokaribia, hapa Ruharo hapana mazungumzo mengine ila ya vijiti. Nani atashika kijiti cha kwanza, nani atapewa kona, nani atamaliza? Mwalimu wa michezo akisoma majina manne ya kikosi, nyuso nne hung'aa na nyuso ishirini hununa. Kwa hiyo nimeona vema, wasomaji wapenzi, niwaandikie habari za mtu mmoja wa nchi hii yetu ya Uganda. Mtu huyu alikosa nafasi katika mbio alizozianza, akahamishiwa mbio nyingine, na humo akawashinda watu wa dunia nzima.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Hebu fanyeni hesabu: katika nyumba ile mngeweza kuunda vikosi kumi vya kupokezana vijiti, na watatu wakabaki wa akiba. Tena haikuwa nyumba ya watu wazembe. Ndugu yake, Lawrence Ogwang, alikwenda Melbourne mwaka 1956 katika Michezo ya Olimpiki kushindana katika kuruka, na huo ndio mwaka Uganda iliposhiriki Michezo hiyo kwa mara ya kwanza.

John alikua akichunga ng'ombe, kama watoto wengi wa Lango na kama wengi wetu hapa Ankole. Baba yake alipofariki, masomo ya kijana yule yalikatika. Hakupata kufika shule kubwa kama hizi zetu, zenye uwanja uliochorwa chokaa na mwalimu mwenye filimbi. Jambo hili nalitaja makusudi, maana wako watu wanaodhani kwamba bingwa ni lazima aanze kuonekana shuleni. John alianza kuonekana baada ya kuingia katika jeshi la polisi. Polisi wa Uganda wakati ule walikuwa na wanariadha hodari sana, na mmoja wao, Jorem Ochana, aliyekuwa mrukaji mashuhuri wa viunzi kabla yake, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo hapo mwanzo.

Viunzi alivyoanza navyo ni vile vya mbio fupi za mita 110. Mbio hizo zina viunzi 10, kila kimoja chenye kimo cha sentimita 106.7, na humalizika kabla mtazamaji hajapata kukaa vizuri. John alikimbia vizuri, lakini haikutosha. Mwaka 1968 Uganda ilipochagua watu wa kwenda Mexico, yeye hakufikia kiwango, akabaki nyumbani.

Mwaka huo huo Mwingereza mmoja, Malcolm Arnold, alifika Uganda kuwa mwalimu wa riadha wa taifa. Arnold alimtazama kijana yule, mrefu, mwenye pumzi, ambaye aliweza kuruka akitanguliza mguu wa kulia au wa kushoto bila kusita. Akaona kwamba si mtu wa mita 110, bali wa mita 400 zenye viunzi. Nadhani hapa ndipo palipo kiini cha habari yote. Kupanga watu si kuwaandika kwa mfuatano wa saa tu, huyu wa kwanza, huyu wa pili. Yuko anayeondoka upesi kama risasi lakini hawezi kupokea kijiti huku anakimbia. Huyo apewe zamu ya kwanza. Yuko anayepinda kona bila kupoteza mwendo. Huyo apewe ya tatu katika mita 100 mara nne. Na yuko yule ambaye hakimbii kwa nguvu zake zote mpaka aone mgongo wa mwenzake mbele. Huyo ndiye wa kumaliza. Arnold hakumfanya Akii-Bua awe mtu mwingine. Alimwonyesha mahali pake tu.

Mbio za mita 400 za viunzi ni kazi ya kikatili. Viunzi ni 10, kimo chake sentimita 91.4. Mkimbiaji huenda mita 45 kabla ya kiunzi cha kwanza, kisha mita 35 kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na baada ya kile cha mwisho zinabaki mita 40 ambazo miguu huwa mizito kama magogo. Asiyehesabu hatua zake hufika mbele ya kiunzi akiwa karibu mno au mbali mno, akajikwaa. Wengi hutanguliza mguu mmoja tu siku zote, hivyo wakichoka na hatua zikafupika hutatizika. Akii-Bua, kwa kuwa miguu yote miwili ilikuwa sawa kwake, aliweza kuongeza hatua moja bila kuharibu mwendo.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akatoka wa nne. Hata katika Uganda yenyewe hakuwa wa kwanza siku ile, maana William Koskei, aliyekimbilia Uganda wakati huo, alipata nishani ya fedha. Lakini mwaka uliofuata, huko Durham katika Marekani, Waafrika waliposhindana na Wamarekani, Akii-Bua alishinda kwa sekunde 49.0, na hapana mtu duniani aliyekimbia upesi kuliko hivyo mwaka ule.

Mazoezi yake yalikuwa ya kutisha. Alivaa koti lililotiwa vizito, akakimbia masafa marefu kuliko yale ya mashindano, tena akiruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha kawaida. Siku ya mashindano alipovua koti lile na kukuta viunzi vimeshuka, bila shaka alijiona mwepesi.

Basi ikafika tarehe 2 Septemba 1972, katika mji wa Munich, Ujerumani. Watu wanane walisimama kwa mbio za mwisho. Alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwapo Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo hapana mrukaji wa viunzi anayeipenda, kwa sababu kona yake ni kali na humvuta mtu upande mmoja anapotua. Mwenzetu yeyote aliyewahi kupewa njia hiyo katika uwanja wa Kakyeka anajua malalamiko yake.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa, kana kwamba mbio ni za mita 200 tu. Akii-Bua hakushtuka. Alimfuata kwa hatua zilezile alizozizoea, na walipotoka katika kona ya mwisho alikuwa amekwisha kumfikia. Akampita, akaruka kiunzi cha kumi, akamaliza peke yake kwa sekunde 47.82. Mann alipata sekunde 48.51 na Hemery 48.52. Tangu dunia iumbwe hapakuwa na mtu aliyepita viunzi vile chini ya sekunde 48. Naye, badala ya kuanguka chini kwa uchovu, aliendelea kuzunguka uwanja akipungia watu mkono na kuruka viunzi, hata mahali ambapo viunzi havikuwapo.

Hiyo ilikuwa nishani ya dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Ya pili ilikuja baada ya miaka 40, mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda mbio ndefu za marathoni huko London.

Naomba nitoke kidogo njiani, kwa ajili ya wale wa vijiti. Siku nane baadaye, tarehe 10 Septemba, katika uwanja uleule, zilikimbiwa mbio za kupokezana za mita 400 mara nne. Wamarekani hawakuwapo, kwa kuwa wakimbiaji wao wawili walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Kenya iliwaweka Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Mjerumani wa mwisho, Karl Honz, alipopokea kijiti aliruka mbele kama aliyefukuzwa na nyuki, watu wote wa Munich wakapiga kelele. Sang hakumkimbilia papo hapo. Alingoja, na Honz alipokwisha nguvu, Sang akapita, na Kenya ikashinda kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Uingereza ilikuwa ya pili. Na katika kikosi cha Uingereza, zamu ya tatu, alikuwamo nani? David Hemery yuleyule! Kwa hiyo bwana yule alishindwa na Afrika ya Mashariki mara mbili katika siku nane. Tazameni pia kwamba Waingereza hawakuona aibu kumtia mrukaji wa viunzi katika kikosi cha vijiti. Shule zetu mara nyingi humsahau.

Akii-Bua alirudi Uganda akapokewa kwa shangwe. Rais Idi Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Januari 1973 alishinda tena katika Michezo ya Afrika huko Lagos. Lakini furaha ile ilikuwa na kivuli. Utawala wa Amin uliwatesa na kuwaua Walangi wengi, na Akii-Bua alikuwa Mlangi. Serikali ilimwonyesha kwa wageni kuwa ushahidi kwamba kabila lake halionewi. Ni mzigo mzito kuliko koti lolote la mazoezi.

Mwaka 1976 alikuwa tayari kutetea ushindi wake huko Montreal, lakini Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusa Michezo ile kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand iliyokwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Huko Montreal Mmarekani Edwin Moses akashinda na kuivunja rekodi yake. Wawili hawa, kila mmoja katika ubora wake, hawakukutana katika Olimpiki, na wapenzi wa riadha wanabishana mpaka leo.

Kisha vita vikaja. Mapema mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipita hapa Mbarara, na Aprili Kampala ikatwaliwa. Akii-Bua aliogopa kwamba atahesabiwa kuwa mtu wa Amin, akakimbilia Kenya na jamaa yake. Huko bingwa wa Olimpiki aliwekwa katika kambi ya wakimbizi.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa ukimbizi ni nini. Nakivale imekuwa ikiwapokea watu tangu Wanyarwanda wa miaka ya mwisho ya 1950, na baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, ndiyo sababu Kiswahili kinasikika sana huko. Wako vijana wa Nakivale wanaokimbia vizuri kuliko wengi wetu. Anayepanga kikosi akianza kwa kuuliza kijana ametoka nchi gani, na ataondoka lini, amekwisha kupoteza wakati wake na labda kikosi chake pia.

Kampuni ya Kijerumani ya Puma, iliyotengeneza viatu vyake vya mbio, ndiyo iliyomtoa kambini. Akaishi Ujerumani miaka kadhaa akiifanyia kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena katika Olimpiki ya Moscow, akatolewa katika nusu fainali. Alikuwa na miaka 30 na mengi yalikwisha kumpata. Baadaye alirudi nyumbani, akaendelea na polisi na kufundisha vijana riadha.

Mke wake alimtangulia kufa. Yeye mwenyewe alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimfanyia mazishi ya heshima ya taifa. Katika Kampala iko barabara yenye jina lake, na huko Lira, mji mkuu wa Lango, uwanja wa michezo nao uliitwa Akii-Bua.